Baiskeli ya Rimu Laini

Solusheni ya kuzibia pancha ina harufu ambayo sijawahi kuizoea. Inaingia puani kama petroli iliyotiwa peremende, inashuka tumboni, inakaa hapo. Juzi nilisimama kwa fundi baiskeli hapa Isevya, mjini Tabora, mtoto mgongoni, nikimwangalia akipaka ile gundi juu ya mpira wa ndani, nikageuza uso pembeni. Fundi akacheka.

"Mama, pancha ndogo tu hii. Mbona umenuna kama umefiwa?"

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeletewa salamu kutoka kwetu, upande wa Kaliua. Baba Mkubwa anaumwa, anakuja na treni ya mchana, anatakiwa hospitali. Kikao cha ukoo kimekaa, kimeona kwamba mimi ndiye niliye mjini, mimi ndiye nina baiskeli, basi nikampokee stesheni nimbebe. Hawakuuliza kama naweza wala kama nataka. Na aliyeleta salamu akaongeza kwa sauti ya chini, "Mama yako naye anasema, mzigo haubwagwi njiani."

Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mama naye!

Nyie wa rika langu mliolelewa kwenye vile vijiji vya mstari mtanielewa. Wengine mtasema nina roho mbaya. Semeni.

Kabla ya kuhamishwa tulikaa ubavuni mwa Kaliua, karibu na reli kiasi kwamba treni ya Mpanda ikichepuka, bakuli ziligongana kabatini. Baba alikuwa kibarua wa kupakia marobota ya tumbaku kwenye mabehewa. Aliondoka nyumbani akitafuna muhogo na kufika kazini kabla hajaumaliza. Halafu wakaja watu wa operesheni ya vijiji na lori. Walisema tunakwenda kuishi pamoja, tupate shule, maji na zahanati. Mama akauliza, hiyo zahanati iko wapi? Wakamwambia inakuja. Mgambo mmoja akapanda juu ya nyumba yetu, akaanza kurusha chini nyasi za paa, ili tusije tukashawishika kurudi.

Kule kijijini nyumba zilipangwa mstari mmoja mrefu kando ya barabara, kama wanafunzi. Mimi nilidhani zimepangwa hivyo ili mtu aje atukague kucha. Kila asubuhi nilikata zangu kwa meno nikimsubiri. Shule ilikuja, siwezi kuwanyima haki yao. Ndiyo iliyonipa kalamu hii. Zahanati ilibaki njiani. Na kazi ya Baba ilibaki kule kule Kaliua. Ili awahi, ilimbidi aondoke jogoo wa kwanza, akate pori lenye mbung'o, afike jua likichomoza. Akichelewa, msimamizi alishampa mwingine zamu yake.

Hakulalamika. Babu yake Baba alibeba pembe za ndovu begani kutoka huku kwetu hadi pwani, na ukoo wetu ulijivunia safari zile kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Kwetu mtu aliyebwaga mzigo njiani alikosa hata wa kumwoza binti. Lakini miguu ni miguu. Siku moja tulisikia baiskeli zimeletwa kwenye duka la serikali mjini Tabora, Baba akavaa shati lake la kanisani, akanishika mkono, tukapanda treni.

Lilikuwa duka kubwa la makabati ya vioo, lililokuwa la Mwarabu kabla ya serikali kulichukua. Nilitegemea kuona maajabu. Ndani ya vioo kulikuwa na majembe, sabuni za mche na vumbi. Baiskeli zilisimama nyuma, za aina mbili. Zile nyeusi, nzito, zenye kifuniko cha mnyororo, zilikuwa za wenye kibali. Karani alimtazama Baba viatu kwanza, ndipo akamtazama uso.

"Wewe mzee, yako hii."

Ilikuwa ya kijani, inang'aa, ina nembo ya ndege mdomoni ana ua. Mimi sikuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Tulipoitoa nje, barazani alikuwa amekaa mzee wa Kiarabu mwenye kofia iliyofifia, Bwana Salim, akitengeneza baiskeli za watu mbele ya duka ambalo zamani lilikuwa la ndugu zake. Aliibonyeza rimu kwa vidole gumba viwili. Ikabonyea kidogo, kama kikapu.

"Bwana," alimwambia Baba, "hujanunua baiskeli. Umenunua kazi."

"Kazi nimezaliwa nayo, shehe."

"Basi ipindue, ukaze kila nati kabla hujaipanda. Na kila Jumapili ukitoka kanisani, uikaze tena. Hii haijaungwa, imeshikizwa."

Nilimchukia Bwana Salim kwa kusema vile. Nilidhani ana wivu.

Kijijini mstari mzima ulitoka kuiangalia. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Ndahani, Mgogo wa genge la reli, mtani wa Baba. Utani wa Mnyamwezi na Mgogo ni wa zamani, wa njia ile ile ya misafara. Walikutana jangwani kwa Wagogo, wakauziana maji na matusi. Mtani anakutukana mbele ya watoto wako na huruhusiwi kukasirika. Ukifa, yeye ndiye anayechimba kaburi.

"Salaale! Leo Mnyamwezi kapata kitu cha kumbeba yeye! Dunia imekwisha!"

"Nyamaza, ombaomba wewe. Nitakupakia nyuma ukaombe mpaka Kigoma."

"Nipakie sasa hivi, maana haitafika Jumapili." Ndahani akapiga kengele, akanikonyeza. "Tena sikiliza, mtumwa wangu. Ukifa, hii ni yangu."

Watu wakacheka, Baba akacheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Niliyatunza maneno yale moyoni kama mtu anavyotunza mwiba aliouchomoa mguuni.

Baiskeli ilifanya kama alivyosema Bwana Salim. Kila mzizi wa njiani uliacha alama kwenye rimu. Spoku zilikatika. Pedeli moja ilidondoka, Mama akachonga nyingine ya mninga. Nasema Mama kwa sababu Baba alirudi amechoka, anajilaza kwenye mkeka, na Mama ndiye aliyeipindua magurudumu juu na kuanza. Alijifunza mwenyewe. Solusheni ikipatikana alipaka solusheni. Isipopatikana alikwangua mpira kwa majani ya msasa na kuuzibia kwa utomvu wa mmea wa mbungo. Mnyororo aliulainisha kwa mafuta ya karanga yaliyochemshwa na nta. Raba za breki alizikata kwenye makatambuga ya zamani, kwa hiyo Baba akifunga breki tulisikia harufu ya viatu. Mimi nilikuwa mwenye beseni. Nikisikia kengele mwisho wa mstari, mara tatu fupi fupi, natoka mbio na beseni la bati lenye maji na kitambaa. Mama anazamisha mpira majini, anauzungusha, mimi natafuta viputo. Nikikiona napiga kelele, "Pale!" Mama anaweka kidole. Mdogo wangu Mhoja, bado wa kunyonya, alikuwa anacheka kila nikisema pale.

Halafu Baba akaanza kuanguka.

Mara ya kwanza alirudi magoti yamechubuka. Mama aliangalia gurudumu la mbele, akaona limepinda, akalinyoosha. Wiki ile ile akaanguka tena. Mama akabadilisha raba za breki. Akaanguka. Mama akalegeza usukani, akatoa goroli zote, akaziosha kwa mafuta ya taa, akazirudisha moja moja akihesabu kwa Kinyamwezi. Baba alikaa pembeni akimtazama, kichwa kinamshuka, kinamshuka, mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Baba Kalunde, unanisikia? Inavutia kushoto au kulia?"

"Enhe?"

"Baiskeli. Inavutia wapi?"

"Inavutia," akasema, akasinzia.

Anaamka jogoo wa kwanza, nani asingesinzia? Anapata homa, nani kule hapati homa? Na baiskeli ni mbovu, kila mtu anajua ni mbovu, hata Mwarabu alisema. Kwa hiyo tuliitengeneza baiskeli. Jioni baada ya jioni tuliitengeneza, Mama anakaza, mimi nashika taa, wakati malale yalikuwa yamo ndani ya mtu yamejilaza zamani. Lile pori lenye mbung'o alikuwa analikata mara mbili kwa siku, mikono yote miwili imeshika usukani, hawezi hata kujipiga kibao shingoni. Tezi zake za shingoni zilivimba. Mama alidhani ni kamba ya gunia alilokuwa akibeba begani.

Ndahani ndiye aliyemkuta. Alikuwa kando ya njia, amelala ubavu mkono chini ya shavu, baiskeli imelala naye. Ndahani alimpakia kwenye keria, akamfunga kwa shuka lake mwenyewe mgongoni pake, akamkanyagia hadi Kaliua. Walimpokea zahanati, wakamchoma sindano. Daktari akasema mngemleta mapema. Baba hakuamka.

Sasa mimi nilijua nini? Nilijua kwamba Ndahani alisema ukifa hii ni yangu, na kwamba Ndahani ndiye aliyemchukua Baba porini, na Baba akafa.

Siku ya msiba nilikuwa jikoni na akina mama. Mara nikasikia kengele. Mwisho wa mstari, mara tatu, fupi fupi.

Nilichukua beseni. Sikumbuki kuteka maji, lakini maji yalikuwamo, kwa sababu yalinimwagikia miguuni nikikimbia. Nilikuwa nawasukuma watu. Nilikuwa nasema kwa sauti, "Si niliwaambia? Si niliwaambia?" ingawa sikuwa nimemwambia mtu chochote. Na kweli, alikuwa anakuja. Kofia ile ile. Gunia lile lile begani. Bega la kushoto limeinama kama anavyoinama Baba.

Alikuwa Ndahani, uso umepakwa majivu. Alikanyaga akipepesuka huku na huku, akalaza kichwa juu ya usukani, akakoroma, akaanguka chini mbele ya waombolezaji, buu! Halafu akainua kichwa na kusema kwa sauti ya Baba, sauti yenyewe kabisa, "Nani kawaambia nimekufa? Mtu halali kidogo?"

Watu walicheka. Walicheka machozi yakiwatoka, wakalia, wakacheka tena. Ndiyo kazi ya mtani, kumtoa maiti kwenye koo za watu. Mimi nilimpiga kwa beseni kichwani. Nilimpiga nikampiga. Hakukinga.

"Piga, mtumwa wangu," aliniambia taratibu. "Piga, tena kwa nguvu."

Baada ya maziko aliikalia baiskeli, akasema haitoki mpaka ikombolewe. Ni mila, mtani akishika kitu cha marehemu, wafiwa wanakikomboa. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, mtu wa kitambi, mwenye kiti cha mbele kwenye kila mkutano wa kijiji, akaleta jogoo.

Ndahani akamgeuza yule jogoo akamwangalia nyuma. "Huyu anakohoa. Simtaki."

"Sema unataka nini."

"Nataka ugali. Wa mkono wa mjane."

Minong'ono ikapita. Mjane aliye msibani na jiko wapi na wapi? Lakini nani amkasirikie mtani? Mama akainuka. Akasonga ugali, hapakuwa na mboga. Ndahani aliula mkavu wote, tonge kwa tonge, mbele ya ukoo mzima, majivu yakichirizika mashavuni. Akanawa. Akaichukua baiskeli, akaukabidhi usukani mikononi mwa Mama.

"Imekombolewa. Mmeona nimempa nani. Mmeona wote."

Mimi niliona mwizi aliyekula chakula chetu na kupiga mbweu.

Siku ya kuanua matanga, Ndahani alikuwa amerudi gengeni. Baba Mkubwa aliitoa baiskeli ndani kwetu, akaipangusa kiti kwa kiganja. "Mwanamke na baiskeli? Hii mali ya ukoo. Namtunzia Mhoja. Akikua, nitamkabidhi mwenyewe." Wazee wakaitikia. Mama alisema neno moja tu, "Nitafanyaje kazini?" Maana alikuwa amepata kibarua cha kuchambua tumbaku godauni, Kaliua kule kule. Baba Mkubwa akamjibu, "Si una miguu, shemeji?" Kisha akanipa kipande cha muwa, akaniambia sasa yule mwizi hataigusa. Nami niliula ule muwa kwa furaha. Niliona hatimaye tumepata mtu wa kututetea.

Mama akaanza kutembea. Mhoja mgongoni, jembe mkononi kwa ajili ya nyoka, pori lile lile. Baiskeli ilisimama barazani kwa Baba Mkubwa. Aliipanda kwenda mkutano mmoja, wa pili, ikapata pancha. Hakujua kuziba. Akaiacha ikisimama, kuku wakapanda kwenye keria. Mama alipita mbele yake kila siku, alfajiri na jioni.

Masika yalipokolea, Mhoja akapata homa. Kulipopambazuka macho yalikuwa yamepinduka, mwili umekakamaa. Degedege. Mama alikwenda kwa Baba Mkubwa, mimi nyuma yake. Mvua ilikuwa inanyesha.

"Shemeji, naomba baiskeli. Mtoto anakufa."

"Ina pancha hiyo."

"Naiziba sasa hivi. Nipe nafasi kidogo tu."

"Uizibe wewe? Hapana, utaiharibu, mali ya watu. Ngoja mvua ikatike, nimtume mtu amwite fundi."

Sikilizeni neno lile. Utaiharibu. Mwanamke aliyeijua ile baiskeli mpaka goroli zake.

Mama hakugombana. Hilo sijamsamehe mpaka leo, naye anajua. Aligeuka tu, akamfunga Mhoja mgongoni, akamfunika kwa gunia la Baba, tukaondoka. Njia ilikuwa tope. Mhoja alikuwa akiguna kila Mama akikanyaga, kama anapigwa kidogo kidogo. Nilitembea nyuma ili nione uso wake. Tulipofika nusu ya pori akaacha kuguna, macho yakafumba vizuri, shingo ikalegea begani kwa Mama.

"Mama," nikamwambia, "afadhali, amelala."

Mama alisimama. Hakugeuka nyuma. Alisimama pale kwa muda, mvua inatunyeshea, kisha akaendelea kutembea kuelekea Kaliua, mwendo ule ule. Akambeba hadi zahanati. Akampa mwuguzi. Mwuguzi akamwangalia Mama, akamrudishia.

Walimzika kesho yake. Mtoto mdogo hana msiba mkubwa, lakini Ndahani alikuja, ametembea kwa miguu kufuata reli. Watu wakasubiri utani. Akachimba kimya, akafukia kimya. Kisha akaenda barazani kwa Baba Mkubwa, akawafukuza kuku, akaibeba ile baiskeli begani kwa kuwa haikuweza kusukumwa, akaileta hadi alipokaa Mama. Baba Mkubwa alikuja nyuma yake akisema, "Wee Mgogo, utani na wizi ni vitu viwili!"

Ndahani akaiweka chini.

"Ulisema unamtunzia mwenyewe mpaka akue," alimwambia. "Basi hakui tena. Huna wa kumtunzia."

Ndahani akamgeukia Mama, akapiga goti kwenye tope, mtani mzima, mbele ya watu. "Shemeji, mara hii sitaki ugali."

Pale ndipo nilipomwona Ndahani ni nani. Nilikwenda nikasimama karibu naye. Nilisema, "Shikamoo." Sikuwa nimemwamkia tangu siku ya beseni. Akaitikia, "Marahaba," akanishika kichwa.

Mama aliipindua baiskeli magurudumu juu pale pale, matanga hayajaanuliwa, wanawake wanashika midomo. Akatoa mpira wa ndani. "Kalunde," akaniita, "beseni." Nikaleta. Akazamisha, akazungusha. Vikatoka viputo, vidogo, vimefuatana, nami sikusema pale. Nilidhani ni pumzi ya Mhoja, na kwamba tukiziba hatapumua. Mama aliviona mwenyewe. Akaweka kidole.

Kesho yake alikwenda kazini akikanyaga, kanga mbili zimefungwa kiunoni, mstari mzima ukimtazama. Ile baiskeli ilinisomesha. Rimu zake zilibadilishwa, tairi zikabadilishwa, usukani ukabadilishwa, mpaka ikabaki fremu ya kijani tu, na mimi nikajua kukaza nati kabla sijajua kusoma saa.

Kwa hiyo juzi, fundi alipomaliza, nilimwomba spana, nikakaza mwenyewe gurudumu la nyuma. Nikamwacha mtoto kwa jirani. Nilikwenda stesheni nikiwa nimepanga maneno. Nilikuwa nayo mengi, yamepangwa mstari.

Baba Mkubwa aliteremshwa na watu wawili. Kitambi hakipo tena, shati linaning'inia. Alinitafuta kwa macho mekundu.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mama."

"Panda."

Nikamshika kiwiko, nikampakia. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la pumba. Maneno yangu yote yaliyopangwa yakagoma kutoka. Nilikanyaga tu, meno nimeyauma. Tulipoanza kuteremka, nikasikia mikono yake inakamata gauni langu.

"Kalunde," aliuliza, "breki zinashika?"

"Zinashika, Baba Mkubwa," nikamwambia. "Hii naitengeneza mwenyewe."

Hakuuliza tena mpaka hospitali.